Pompiye wa Sita

Watu wa Bunia hawatupi kitu. Mama anaweza kutunza kifuniko cha sufuria iliyotoboka tangu enzi za Zaïre, na ukimwuliza cha nini, atakuambia ngoja, siku yake itafika. Lakini picha za zamani ni haba. Nyumba nyingi ziliungua, nyingine ziliporwa, na watu waliokimbia walibeba watoto na magodoro, hakuna aliyerudi nyuma kuchukua albamu. Ndiyo maana Stéphane alipofungua kundi la Facebook na kuliita "Pompiers ya Bunia ya Zamani", alidhani atapata jamaa zake tu na majirani wawili wenye huruma. Akapata watu wasiohesabika.

Stéphane ana duka la fotokopi na kuchapa picha kandokando ya boulevard. Baba yake, marehemu Paul, alikuwa dereva wa lori la zimamoto, lori jekundu ambalo mji mzima uliliita Kiboko, kwa kuwa lilikunywa maji ya mto Nyamukau bila kushiba na lilikoroma likipanda mlima. Leo ukimwambia kijana kwamba mji huu uliwahi kuwa na kikosi cha zimamoto, chenye king'ora na gwaride, atakuuliza umekunywa nini. Duka likishika moto siku hizi, nusu ya watu hukimbilia ndoo na nusu nyingine hukimbilia bidhaa. Kwa hiyo kazi ya kundi haikuwa mchezo. Ilikuwa kuwaonyesha watoto kwamba hapa palikuwa na watu waliolipwa kidogo na kuingia motoni hata hivyo.

Picha zilianza kuja. Kutoka Ariwara mtu alituma picha ya Kiboko na bibi harusi ameketi juu ya bampa, kwa sababu zamani hizo lori safi kuliko yote mjini lilikuwa hilo. Kutoka Brussels ikaja picha ya ngazi, ngazi peke yake, na watu wakabishana wiki nzima ilikuwa ya nani. Kila picha ilipata mishumaa yake na "RIP vieux" zake, hata pale ambapo huyo vieux, mzee mwenyewe, alikuwa hai na anasoma.

Picha iliyokuwa bora kuliko zote ilikuwa ya Stéphane, na hiyo hakuwa ameiweka. Ilipigwa mwaka wa 1987, siku ya gwaride. Pompiye, yaani wazimamoto, walisimama mbele ya Kiboko, Paul akiwa katikati, kifua mbele, kama mtu aliyelijenga lori lile kwa mikono yake. Walikuwa sita. Kwenye picha walibaki watano, na upande wa kushoto wa Paul palikuwa na tundu lenye umbo la mtu.

Aliyekata alikuwa mama yake Stéphane, Mama Véronique, katika ile miaka ya vita ambapo wenye silaha walikuwa wakiingia nyumba kwa nyumba na kutazama picha ukutani, wajue nani anakula na nani. Mtu aliyekatwa aliitwa Dheda. Alikuwa rafiki wa Paul wa kufa na kuzikana, na kabila lake halikuwa lao. Majina ya makabila tuyaache. Wa Bunia anayajua, na asiye wa Bunia hayatamsaidia kitu. Mama Véronique alichukua makasi, akamtoa Dheda, akamtupa kwenye moto wa jikoni, na wenye silaha walipofika wakaangalia ukuta na kupita. Wala hakuwa peke yake. Nyumba nyingi zilifanya hivyo, nyingine zikachoma picha nzima. Jambo hilo halikuwa siri nyumbani kwa Stéphane, ila halikuwa na mtu wa kulizungumza. Cha Dheda kilichobaki kilikuwa vidole vinne juu ya bega la Paul, maana makasi hayangeweza kuvitoa bila kutoa na bega.

Sasa kundi likakata shauri kufanya maonyesho katika ukumbi wa parokia, na Stéphane akaombwa achape picha moja kubwa ya kutundika mbele. Wote walijua kwamba mtoto wa Paul hakosi picha. Naye akaona aibu kutundika tundu mbele ya mji mzima. Akamwandikia Yves, mpwa wake aliyeko Kampala, kijana ambaye hajui kupika chai lakini simu anaijua mpaka mifupa.

"Tonton, weye tuma tu," Yves alijibu. "Nitaipitisha mu IA, ile akili ya mashine. Itaziba."

Kabla ya jua kuzama picha ilirudi nzima, na mtu wa sita alikuwa amesimama mahali pake. Alikuwa na kofia ya chuma kama wenzake, ile wanayoiita kasike, na tabasamu dogo la adabu, na mkono wake ulikuwa juu ya bega la Paul. Hata vile vidole vya zamani mashine ilikuwa imevipaka upya, vikawa safi kama vya mtu asiyewahi kushika mpira wa maji. Yves hakuwahi kumwona Dheda. Mashine nayo haikuwahi. Ilitazama wale watano na tundu lile, ikakisia.

Stéphane akaipandisha kwenye kundi. Akaandika majina sita, akaandika mwaka, basi. Kwamba picha ilizibwa, hakuandika. Alijiambia kwamba hakusema uongo, amenyamaza tu, na sote tunajua mtu anayejiambia hivyo yuko wapi.

Wa kwanza kujibu alikuwa Muzee Vital wa Mahagi-Port. Kati ya wale sita, yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado hai, na kwa kuwa macho yake yameingia ukungu, binti yake Rébecca ndiye humsomea na kumwandikia. Rébecca aliandika: "Muzee ameshika simu karibu na uso. Anasema huyu njo Dheda, Dheda mwenyewe. Analia."

Baada ya hapo, nani angefungua mdomo? Kwetu mkubwa akishasema, mdogo aliyeona tofauti huyalaumu macho yake mwenyewe. Kama kulikuwa na mtu kwenye kundi aliyekumbuka sura nyingine, alimeza mate na kuandika "Amina". Wengine wakaongeza chumvi. Mmoja alikumbuka jinsi Dheda alivyokuwa akicheka, na huyo alizaliwa Dheda akiwa ameshaacha kazi. Stéphane alisoma yote, akaanza kujidanganya kwamba labda mashine imebahatisha.

Siku mbili tatu zikapita, kisha akaingia dukani msichana aliyejifunga kitambaa kichwani, ameshika simu yenye kioo kilichopasuka. Alisubiri wateja waishe. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Jambo, papa. Mi naitwa Gracieuse. Ule mutu wa sita ni baba yangu."

Stéphane akamvutia kiti. Uso wake ulifanya kazi ya duka.

Gracieuse alikuwa anaishi kambini, pembeni ya mji, pamoja na watu waliokimbia kutoka Djugu. Dheda alifariki njiani wakati wa kukimbia ile vita ya kwanza, Gracieuse akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama yake alimfuata baadaye, na baba zake wadogo wote walikwisha, mmoja baada ya mwingine. Halafu katika vita ya juzi juzi nyumba nayo ikaungua. Hakuwa na picha hata moja, na katika ukoo hakubaki mtu wa kumwambia baba alikuwa na sura gani.

"Samedi bakwe banakuja," alisema, Jumamosi ikiwa karibu. "Familia ya Gaël, muchumba wangu, wa mahari. Papa anajua desturi yetu. Mugeni anaingia, anasalimia kwanza baba ya binti. Kama baba amekufa, banaweka foto yake mu kiti. Mi nilikuwa na kiti tu. Nikajiambia, batasalimia kiti." Akacheka kidogo, akageuza simu ili Stéphane aone. "Sasa kuko baba. Angalia pua. Haiko yangu?"

Stéphane akaangalia pua ile ambayo haikuwahi kupumua, kisha akaangalia ya Gracieuse. Zilifanana, kama pua nyingi zinavyofanana. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Unataka ya ukubwa gani?"

Akamchapia, akamtilia fremu, akakataa malipo. Kukataa malipo kulimfanya aonekane mwema, na hilo lilimchoma kuliko lingine lolote. Gracieuse alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akaondoka ameikumbatia fremu.

Stéphane alifunga duka mapema akaenda kwa mama yake. Alimkuta uani akichambua maharage kwenye ungo. Mama Véronique ni mtu wa maneno machache, na akichambua maharage ni wa maneno machache zaidi. Stéphane akamwekea simu mbele ya macho.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Ni Dheda, mama. Yves alimurudisha."

"Alimurudisha kutoka wapi?"

Stéphane akaeleza habari za mashine. Mama yake akasikiliza, mkono ukiwa umesimama ndani ya maharage. Kisha akaichukua simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu haiko Dheda. Hata kidogo. Tena kasike alitoa wapi? Siku ya défilé, ile ya gwaride, Dheda hakuvaa kasike. Kasike zilikuwa tano, bao balikuwa sita, balikuwa banabadilishana. Ile siku ilikuwa zamu ya Dheda kukosa. Alisimama kichwa wazi mbele ya bakubwa bote, na alikuwa anacheka. Baba yako alikuwa anaisema kila mwaka."

"Muzee Vital alisema ni yeye."

"Vital haone hata sahani yake." Akamrudishia simu. "Mi nilitoa mutu mu foto juu munibakilie bazima, weye na bandugu yako. Weye uliweka mutu juu ya nini?"

Stéphane akamweleza habari za Gracieuse, fremu, Jumamosi, na wakwe watakaomsalimu mtu asiyewahi kuzaliwa. Kuku wakaanza kula maharage yaliyoanguka, na Mama Véronique hakuwafukuza.

"Binti ya Dheda iko hapa Bunia," alisema hatimaye. Haikuwa swali. "Utaenda kumwambia, Stéphane. Usingojee samedi imukute na ile kitu mu kiti."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Stéphane ilikuwa imeishia kwenye ungo wa maharage. Kesho yake alitoa picha ya asili kwenye ukuta wa mama yake, akaifunga kwenye gazeti, akapanda pikipiki. Motari, dereva wa pikipiki, alimwuliza mara mbili kama kweli anakwenda kambini kule, maana kuna pande za mji huu ambazo watu wa pande nyingine hawaendi, wala hakuna kibao kinachosema hivyo. Stéphane akasema twende. Aliogopa, tusimfanye shujaa. Lakini alichokiogopa zaidi kilikuwa uso wa msichana yule.

Gracieuse alikuwa akikaanga mikate, yaani maandazi, mbele ya kibanda chake cha turubai. Alipomwona alifurahi, akamwingiza ndani, na jambo la kwanza ambalo Stéphane aliliona lilikuwa fremu. Ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye mti wa katikati, mahali pa heshima, na ua la plastiki pembeni.

Alisema akiwa bado amesimama. Akasema yote: tundu, Yves, mashine, aibu yake, na ukimya wake siku ile dukani. Akasema kwamba uso ule haukuwa wa Dheda wala wa mtu yeyote chini ya jua. Gracieuse alikaa juu ya kidumu. Nje, mafuta yalianza kunuka kuungua, na jirani akaja kulitoa karai motoni bila kuuliza kitu.

"Sasa mi nilikuwa nasema na nani?" Gracieuse aliuliza.

Akaigeukia fremu.

"Tangu jana nilimuleta hapa, asubuhi yote nasema naye. Nilimwambia habari ya Gaël. Nilimwambia mama alikufa, juu nilizania hajui." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na Stéphane alitamani ipande. "Mulinipatia mutu wa bure, papa. Ni heri mungeniachia kiti."

Akainuka, akafungua waya, akaitoa ile fremu na kuiegemeza chini, uso ukitazama hema. Ndipo Stéphane akafungua gazeti na kumpa picha yenye tundu. Gracieuse aliishika kingo kwa uangalifu kama watu wanavyoshika mtoto mchanga. Akatazama lile umbo jeupe. Kidole chake kikafuata ukingo wa tundu kutoka chini, kikapanda, kikafika begani kwa Paul, kikasimama.

"Hii mukono?"

"Hiyo ni yake. Ni yenyewe."

Akaitazama muda mrefu. Vilikuwa vidole vinne vyeusi, vifupi, vimelishika bega la mwenzake kwa nguvu mpaka shati limekunjamana. Machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi.

"Nani alimukata?"

"Mama yangu."

"Iko muzima?"

"Iko."

Gracieuse akaiweka picha juu ya kitanda, akajipangusa. "Basi samedi akuje yeye. Asitume mutoto. Kama bakwe banauliza tundu ni ya nini, yeye njo atabajibu."

Usiulize Stéphane alirudi vipi mjini. Aliketi dukani, akapandisha picha ya asili, ile nakala aliyomtumia Yves, kwenye kundi, na chini yake akaandika ukweli wote, pamoja na ule wa kumchapia binti wa watu uso wa kubuni. Maji yakimwagika hayazoleki, na watu hawakumwacha apumue. Walimwita tapeli. Wakaandika kwamba wameaminishwa uongo na mtoto wa Paul, ambaye Paul angekuwa hai angemnyoosha. Yule aliyekumbuka kicheko cha Dheda ndiye aliyekasirika kuliko wote, kisha akatoka kwenye kundi.

Jibu la Mahagi-Port lilichelewa. Lilipofika, Rébecca alikuwa ameandika hivi: "Muzee anasema hakuona muzuri. Anasema: nilijibu ni yeye juu nilitaka akuwe yeye. Anaomba musamaha kwa binti."

Kisha likatokea jambo ambalo Stéphane hakulitarajia. Mama mmoja aliweka picha ya ubatizo iliyokatwa pembeni, akauliza kama kuna anayemjua mama wa ubatizo ambaye bibi yake alimtoa wakati wa vita. Mwingine akaweka timu ya mpira yenye wachezaji saba na matundu manne. Zikaja harusi, zikaja madarasa, ikaja picha ya kwaya ambayo safu nzima ya nyuma ilikuwa imenyofolewa. Wengi hawakuandika kitu zaidi ya jina la aliyekatwa, kama walilikumbuka. Kundi la pompiye likawa limejaa watu wasioonekana, na Stéphane, aliyekuwa amefikiria kulifunga, akaliacha wazi.

Lakini Jumamosi ilikuwa haijafika, na mama yake alikuwa hajasema kama atakwenda. Stéphane alimfikishia maneno ya Gracieuse, yeye akasema tu, "Nimesikia." Majirani walipopata habari walikuja kumkataza. Walimkumbusha nani alikufa wapi na nani alimwua, na wote walisema kweli. Mama Véronique aliwapikia chai, akawasindikiza mpaka barabarani.

Jumamosi asubuhi alitoka chumbani amevaa kikwembe kipya, yaani kitenge, na kitambaa chake cha kichwa. Kwenye pikipiki alikaa nyuma ya Stéphane. Walipofika kwenye mteremko wa kambi, Stéphane alihisi mkono wa mama yake umemshika kiuno kwa nguvu.

Wageni walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi, mbuzi wamefungwa, watu wa kambi wamezunguka. Upande wa binti, mzee mmoja jirani alikuwa amesimama badala ya baba mdogo, kwa kuwa hakukuwa na baba mdogo. Kando yake kilikuwepo kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe, na juu ya kiti ilikuwapo picha yenye tundu. Gracieuse alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefunikwa kitambaa kichwani mpaka mabegani, ameinamisha uso kama inavyotakiwa. Gaël, bwana harusi, alikuwa upande wa pili, na jasho lilikuwa linamtoka.

Msemaji wa wakwe, mtu mrefu mwenye koti, akasimama kumsalimu baba wa binti. Akakisogelea kiti, akainama, akainama tena, akageuka.

"Bazee," alisema kwa heshima, "hapa naona tundu. Tunasalimia nani?"

Mzee jirani akamtazama Gracieuse. Gracieuse hakuinua uso. Mama Véronique ndiye aliyesimama, nyuma kabisa, na watu wakageuka, na waliojua lafudhi ya wapi ni ya nani wakaanza kunong'ona mara tu alipofungua mdomo.

"Munasalimia Dheda," alisema. "Na tundu ni mi niliikata."

Minong'ono ikakatika. Stéphane alitaka kumshika mkono, lakini mama yake alikuwa ameshapita katikati ya mabenchi.

"Bale batu balikuwa kwa jirani. Nilikuwa nasikia mulango inavunjika. Mume wangu alikufa, mi na batoto peke yetu, na Dheda iko pale mu ukuta anacheka. Nikatwaa makasi ya kushona. Nilitaka kukata mbio mbio, nimutupe. Mukono ikakataa." Akaionyesha picha kwa kidole. "Huyu mutu alikuwa anakula kwangu. Kila mara nikipika sombe alikuwa anajua, sijui nani alikuwa anamwambia. Basi nikakata polepole. Nikafuata uso yake mahali yote, nisimuumize. Mulango ya jirani inavunjika, na mi naenda polepole. Kwa hiyo sura ya Dheda, leo hakuna mutu anaijua kama mi. Mi njo nilimuangalia mara ya mwisho."

Gracieuse sasa alikuwa ameinua uso. Mama Véronique akamgeukia yeye peke yake, kana kwamba wale wengine wote walikuwa wamekwenda zao.

"Kichwa yake ilikuwa wazi, mama, bila kasike. Paji ya uso kubwa, nywele inaanzia mbali. Kidevu fupi. Hapo makasi ilipita bila shida. Shida ilikuwa mu sikio." Akanyanyua mkono hewani, vidole viwili vikatembea, vikakata kitu kisichokuwepo. "Sikio ya kushoto. Haikuwa kama ya batu. Ilikuwa imejikunja juu, kama jani linaanza kukauka. Makasi haikuweza kuzunguka pale. Nilirudia. Nilikuwa nalia na narudia, juu sikutaka kumukata sikio."

Gracieuse alikaa akimtazama, mdomo wazi kidogo. Kisha akapeleka mkono kichwani, akafungua fundo la kitambaa, na mbele ya wakwe zake wote, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akakishusha na kugeuza shavu lake la kushoto kuelekea kwa yule mama.

Mama Véronique akaliangalia lile sikio, limejikunja juu kama jani. Akaketi hapo hapo kwenye vumbi, pamoja na kikwembe chake kipya, na Gracieuse akatoka kwenye mkeka akaenda kuketi karibu naye.

Msemaji wa wakwe alingoja. Baadaye akajitengeneza koti, akakirudia kiti, akainama kuliko mara ya kwanza.

"Papa Dheda," alisema, "jambo yako. Tumefika."